Kuacha Kabla ya Kubonyeza: Kanuni za Urembo za Kijapani kwa Mpiga Picha

Zipo filta za simu zenye majina ya Kijapani. Ukiibonyeza mojawapo, rangi zinafifia, ukahawia unaingia, mikwaruzo ya bandia inatandazwa juu ya picha, basi, kazi imekwisha. Achana nazo. Kanuni ambazo Wajapani wamezilea kwa karne nyingi hazipakwi juu ya picha iliyokwisha kupigwa. Karibu zote zinahusu kuacha: kipi ukiache nje ya fremu, kipi ukiache gizani, kipi umwachie mtazamaji akimalizie mwenyewe. Na uamuzi huo unafanyika kabla kidole hakijagusa kitufe.

Kanuni hizi hazikutungwa na mtu mmoja wala zama moja. Wabi, yaani uzuri wa vitu duni na vya kawaida, ililelewa na watu wa chai, yaani mabingwa wa sherehe ya chai, hasa Sen no Rikyu (1522–1591). Yugen, uzuri uliojificha, ni ya jukwaa la tamthilia za No, na mwalimu wake mkubwa ni Zeami, aliyefariki 1443. Mono no aware, ule uchungu mtamu wa vitu vinavyopita, ilifafanuliwa na msomi wa fasihi Motoori Norinaga (1730–1801). Katika karne ya 20 mwanafalsafa Hisamatsu Shin'ichi alizipanga sifa za sanaa za Zen, tawi la dini ya Ubuddha, katika orodha ya mambo saba, kuanzia pande zisizolingana hadi utulivu, na miongozo mingi ya upigaji picha huipitia orodha hiyo moja baada ya nyingine, kila jina na picha yake. Mimi nafuata mpangilio wa kazi, kwa sababu ukiwa umeshika kamera mambo hayo huja pamoja, na mawili matatu hujileta yenyewe ukishayashughulikia mengine.

Maandalizi

Simu inatosha. Ila ujue adui yako ni nani: simu za sasa, kwa kila mbonyezo mmoja, hupiga picha kadhaa na kuziunganisha ili kila kona ionekane, vivuli vipandishwe, anga lisiungue. Kwa harusi ya binamu yako hilo ni jema. Kwa kazi hii linakuharibia, maana giza unalolihitaji linafutwa bila wewe kuulizwa. Kwa hiyo zima HDR (ndio uunganishaji huo) kama simu yako inaruhusu, zima urembeshaji wa uso na ukolezaji wa rangi, na kama kuna chaguo la kuhifadhi faili ghafi (RAW), litumie. Washa mistari ya gridi, si kwa ajili ya ile kanuni ya kugawa picha katika theluthi na kuweka vitu kwenye mistari yake, bali upate upeo wa macho ulionyooka.

Mwenye kamera achukue lenzi moja tu isiyozuumu, milimita 35 au 50, nyingine aziache nyumbani. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, sogea.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja, na kiwe kidogo

Huko Yamazaki, kusini-magharibi mwa Kyoto, kipo chumba cha chai kiitwacho Tai-an kinachoaminika kuwa kazi ya Rikyu. Nafasi ya kukaa ni mikeka miwili ya tatami, chini ya mita nne za mraba. Unaingia kwa kutambaa kupitia kidirisha, awe mkulima awe bwana mkubwa. Bakuli alizozipenda Rikyu zilifinyangwa kwa mkono na Chojiro bila gurudumu la mfinyanzi, nyeusi au nyekundu, zisizo na mapambo. Na hayo yalifanyika enzi za Toyotomi Hideyoshi, bwana wake, aliyekuwa na chumba cha chai kilichopambwa kwa dhahabu! Udogo wa Tai-an haukutokana na ufukara. Ulichaguliwa mbele ya dhahabu.

Nawe chagua hivyo. Usianze na mlima, jiji wala machweo. Anza na kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni, ufagio uliosimamishwa ukutani, ndala mbili mlangoni. Kiangalie kwanza bila kamera, upande huu na ule, mpaka ujue kinachokuvutia ni nini hasa. Kama ni ule ukingo uliobanduka, basi picha yako ni ukingo, kikombe kizima ni ziada.

Hatua ya 2: Jenga utupu (ma)

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Makumbusho ya Taifa ya Tokyo yana viwambo viwili vya paneli sita sita vilivyochorwa na Hasegawa Tohaku (1539–1610) mwishoni mwa karne ya 16. Ni misonobari kwenye ukungu, kwa wino mweusi tu. Ukivitazama, sehemu kubwa ya karatasi haina kitu. Miti michache inajitokeza, mingine imefifia mpaka unajiuliza kama ipo. Lakini pale pasipochorwa pana ukungu mzito, wenye kina, unaoweza kuuhisi umesimama kati ya mti na mti. Utupu wa Tohaku una kazi kama ulivyo na kazi mti wenyewe.

Wapiga picha wengi wanaanguka hapo. Wanasikia "acha nafasi", wanaweka kitu kidogo katikati ya ukuta, wanasema ni ma. Huo ni ukuta tu. Nafasi inafanya kazi pale inapokuwa kitu: maji, mchanga, anga la mawingu, moshi, kivuli kinachofifia taratibu kutoka kijivu hadi cheusi. Kipimo chake ni rahisi. Ziba kitu chako kwa kidole gumba kwenye skrini. Kilichobaki kina mwelekeo au badiliko lolote la mwanga? Kama ni bapa kama karatasi ya ofisini, tafuta usuli mwingine.

Ukishaupata, fanya hivi. Rudi nyuma hadi kitu chako kichukue sehemu ya tano ya fremu au chini ya hapo. Kagua kingo zote nne: waya, jani, bega la mtu, ncha ya kiti. Chochote kinachochungulia kiondoke, kwa kusogeza miguu yako, usingoje kuja kukifuta baadaye. Kisha amua nafasi ikae upande gani. Ndege anayetazama kushoto akiachiwa nafasi kushoto, anakaribia kwenda. Ukimwachia nafasi mgongoni, ameshaondoka. Hakuna lililo kosa kati ya hayo mawili, ila uchague kwa kukusudia.

Kuhusu theluthi: mpiga picha Sugimoto Hiroshi amekuwa akipiga bahari tangu 1980, sehemu mbalimbali za dunia, na upeo anauweka katikati kabisa. Nusu maji, nusu hewa. Hakuna mashua, hakuna kisiwa. Kila kitabu cha wanaoanza kinakataza hilo, na picha zake zimesimama.

Mwingereza Michael Kenna amezifanya nyingi za picha zake zinazojulikana kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, majira ya baridi, ambako theluji inafuta mashamba, barabara na mipaka, unabaki mti au safu ya nguzo za uzio. Aliyeko pwani yetu hana theluji, ila ana maji kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari inarudi nyuma mbali sana upande wa mashariki wa Unguja, na ngalawa inabaki imekaa juu ya mchanga unaong'aa kama kioo. Nenda alfajiri, kabla wakulima wa mwani hawajawa wengi, inama chini hadi kamera iwe usawa wa goti, upeo uwe juu sana au usiwepo kabisa. Walioko Lushoto au Limuru wana ukungu wa asubuhi, ambao ni ule ule wa Tohaku bila gharama.

Tahadhari moja ya kiufundi. Kipima mwanga cha kamera hukisia kwamba kila mandhari ni ya kijivu cha kati. Ukikielekeza kwenye ukungu au mchanga mweupe, kitaufanya kijivu kichafu, kwa hiyo ongeza mwanga hadi karibu +1 kwenye kipimo cha kurekebisha mwanga. Kwenye usuli mweusi hufanya kinyume, hupandisha weusi hadi uwe kijivu, hapo shusha hadi −1 au zaidi. Kwenye simu, gusa skrini, kisha buruta alama ya jua juu au chini.

Hatua ya 3: Kata kwa ujasiri

Kati ya 1856 na 1858 Utagawa Hiroshige alitoa mfululizo wa chapa za mbao kuhusu maeneo ya Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo. Mojawapo, ya mwaka 1857, inaonyesha bustani ya miplamu ya Kameido. Mbele kabisa, karibu na jicho lako, limepita shina moja nene lililojipinda. Huoni mizizi yake, huoni kilele chake, limekatwa na kingo za picha. Nyuma yake, kwa mbali, watu wadogo wamesimama kandoni mwa uzio. Mchoraji Mholanzi Van Gogh aliinakili kwa rangi za mafuta mwaka 1887, na si ajabu, maana wachoraji wa Ulaya walikuwa wamezoea mti kupewa nafasi ya kuonekana mzima.

Ukitaka kujaribu, sogea hadi nguzo, mwanzi au mlingoti uwe karibu nawe kiasi cha mkono, uache upite fremu yote, na kilicho cha maana kiwe nyuma, kidogo. Sharti ni moja: unapokata, kata kabisa. Kitu kilichonyofolewa ncha tu kinaonekana kama umekikosea. Kilichokatwa nusu au theluthi mbili kinaonekana umekikusudia.

Ishimoto Yasuhiro, mzaliwa wa San Francisco aliyesomea upigaji picha Chicago, alilipiga kasri la Katsura la Kyoto mwaka 1953 na 1954. Mapaa ya Katsura ni mazuri, na watalii huyapiga hayo. Yeye aliyaacha nje mara nyingi, akabaki na nguzo, milango ya karatasi, mawe ya kukanyagia. Jengo la karne ya 17 likaonekana kama limejengwa juzi.

Pande zisilingane. Vitu vitatu au vitano hukaa vizuri kuliko viwili au vinne, kwa sababu jicho haliwezi kuvigawa sawa likaridhika. Bustani ya mawe ya Ryoan-ji, Kyoto, ina mawe 15 katika mafungu matano, na ukikaa barazani popote pale, angalau jiwe moja linafichwa na mengine. Usihangaike kuonyesha yote.

Sasa pima uzito wa mwanga na giza, kile kinachoitwa notan. Mmarekani Arthur Wesley Dow alikifundisha kwa bidii nchini mwake, akakiweka kitabuni mwaka 1899, na mpiga picha Alvin Langdon Coburn alikuwa mwanafunzi wake. Kumbuka kwamba jina ni la Kijapani ila somo lenyewe, kama linavyofundishwa studio, limepikwa Marekani. Haidhuru. Linafanya kazi. Finya macho hadi mandhari ibaki mabaka ya weusi na weupe. Au piga picha ya majaribio, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, pandisha kontrasti hadi mwisho. Ukiona maumbo mawili au matatu yaliyo wazi, endelea. Ukiona madoadoa kama chui, hama mahali.

Hatua ya 4: Heshimu kivuli

Nyumba ya jadi ya Kijapani ina upenu mrefu unaozuia jua, kisha baraza, kisha milango ya shoji yenye karatasi nyeupe. Mwanga ukifika ndani umeshachujwa mara tatu. Ndiyo maana chombo cha laka nyeusi (rangi ya utomvu wa mti), kilichopambwa kwa dhahabu, hung'aa pale kwa mwanga hafifu na kuonekana cha kelele ukikitoa nje juani.

Tofauti na kwetu si desturi pekee, ni jua lenyewe. Kyoto iko nyuzi 35 kaskazini mwa ikweta, na mwezi Desemba jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 32 hivi. Mchana kutwa mwanga unaingia kwa ubavu. Dar es Salaam, hata mwezi Juni, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 59. Linapiga utosi, vivuli vinakaa chini ya vitu, sura ya ukuta inapotea. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa na mtu wa Kyoto au London kuhusu "mwanga wa mchana" usiubebe mzimamzima. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ingia ndani.

Fungua dirisha moja, funga mengine. Tundika shuka jeupe jepesi dirishani, hiyo ndiyo shoji yako. Karatasi ya kuokea mikate nayo inafaa kwa dirisha dogo. Weka meza pembeni, mwanga uje kwa ubavu au kidogo kwa nyuma. Zima taa zote za umeme, maana njano ya balbu ikichanganyika na buluu ya dirisha hutairekebisha vizuri kamwe.

Tuchukue kile kikombe cha bati. Kiweke juu ya ubao mkavu, sentimita 60 hivi kutoka dirishani, mkono wake ukiwa upande wa giza. Gusa skrini pale mwanga unapong'aa zaidi, kwenye ukingo, shikilia hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha buruta chini hadi ule ukingo upate umbo na usiwe doa jeupe. Upande wa pili wa kikombe utazama. Mkono utabaki kama kiharusi kimoja hafifu, na pengine hutauona. Uache. Utashawishika kuweka karatasi nyeupe upande ule ili kurudisha mwanga. Jaribu, ulinganishe picha mbili, uone jinsi ya pili inavyofanana na tangazo la vyombo. Sasa zungusha kikombe kidogo kidogo, mahali palipobanduka pakaribie mpaka wa mwanga na kivuli. Hapo ndipo chuma cheusi chini ya rangi huonyesha unene wake. Ukikiweka kwenye mwanga kamili, mahali hapo panakuwa doa tu.

Hatua ya 5: Piga umri, usipige ufukara wa mtu

Sabi ni uzuri unaoletwa na umri na matumizi. Mbao zilizogeuka kijivu, shaba iliyoota ukijani, mpini wa jembe uliong'azwa na viganja. Kwa picha, siri yake ni mwanga wa kukwaruza, unaopita karibu sambamba na uso wa kitu, kila mfereji ukapata kivuli chake. Ukitumia kamera, tundu la lenzi la f/8 litakupa uso wote ulio wazi.

Nina ugomvi na picha nyingi zinazobandikwa jina hili. Mikono ya bibi asiyejua kwa nini anapigwa, kibanda kinachovuja, mtoto asiye na viatu, chini yake maneno "wabi-sabi". Unyonge wa Rikyu ulikuwa wa kuchagua, na mwenyewe aliishi karibu na watawala. Paa linalovuja la jirani hakulichagua yeye, na kuliita zuri ni kumdhihaki. Piga vitu vyako, au vitu ambavyo mwenyewe anajivunia uzee wake.

Na kati ya uchakavu na matengenezo, tafuta matengenezo. Wajapani wana kintsugi, ufundi wa kuunga chombo kilichovunjika kwa laka na unga wa dhahabu, ufa ukawa mstari unaoonekana zaidi kuliko zamani. Huku fundi wa jahazi anatia kalafati: pamba iliyopigwa nyundo kati ya ubao na ubao, kisha sifa, yaani mafuta ya papa, inapakwa juu. Mbao mpya mbili tatu za manjano kati ya zile zilizozeeka, na mstari mweupe wa pamba ukipita, ni picha ambayo hutaipata kwa filta yoyote. Muombe fundi ruhusa, keti, subiri anyanyue mkono kutoka kwenye kazi. Kiraka kwenye suruali ya kazi, mshono kwenye wavu, waya uliofungia mguu wa kiti, vyote vimo humo.

Hatua ya 6: Fika mapema mno, au umechelewa

Mtawa Yoshida Kenko, katika karne ya 14, aliuliza kama kweli maua ya cheri yatazamwe yakiwa yamechanua pomoni tu, na mwezi ukiwa hauna wingu tu. Yeye aliona tawi linalokaribia kuchanua, na bustani iliyojaa petali zilizonyauka, vinastahili kutazamwa zaidi. Mono no aware katika picha ni hivyo hivyo, na kwa vitendo maana yake ni ratiba.

Nairobi ikifika Oktoba kila mwenye simu anapiga mijakaranda iliyochanua. Wewe subiri petali ziwe juu ya boneti ya gari lililoegeshwa, zimelowa, nusu zimeshakuwa kahawia. Arusini, nenda ukumbini kabla viti havijakaliwa, au vimeshavurugwa na mfagiaji hajafika. Mkrismasi wenye maua yake mekundu ya Desemba, upige Januari.

Kama unataka zoezi la muda mrefu, kalenda ya jadi ya Japani inagawa mwaka katika vipindi 72, kila kimoja siku tano hivi, na majina yake yalirekebishwa na mnajimu Shibukawa Shunkai mwaka 1685 yaendane na hali ya hewa ya nchini. Teua mti au kona moja ya mtaa. Weka alama ya chokaa pa kusimama, lenzi ile ile, kimo kile kile, na kila baada ya siku tano piga picha moja. Vipe vipindi majina yako: vuli inapoanza kunukia, kumbikumbi wanaporuka, maembe dodo yanaposhuka bei. Hii ndiyo kazi ninayoipendekeza kuliko zote kwa mtu anayesema mtaa wake hauna cha kupiga.

Hatua ya 7: Ficha

Yugen haina mbinu moja, lakini ina zana za bei nafuu. Chandarua ni mojawapo. Kiweke kati yako na dirisha, fokasi iwe kwenye kitambaa na mtu aliye nyuma awe umbo tu. Kisha badili, fokasi kwa mtu, nyuzi ziwe ukungu. Kioo cha daladala chenye mvua kinafaa, moshi wa kuni nao kadhalika. Kwa kitu kinachotembea, tumia stendi na kasi ya shata ya sekunde 1/8 hadi 1/2: anayepita anabaki kivuli, ukuta unabaki imara. Usifiche kila kitu. Kimoja kiwe wazi kabisa ili mtazamaji apate pa kushika. Na ule ukungu na chengachenga za mpiga picha Moriyama Daido na wenzake wa mwishoni mwa miaka ya 1960 ni jambo jingine, walikuwa wanaipinga picha nzuri ya jadi, usiwachanganye humu.

Kuna na mbinu ya shakkei, kuazima mandhari. Hekalu la Entsu-ji, Kyoto, lina ua wa miti iliyopogolewa chini, na juu yake unauona mlima Hiei ulio mbali, kati ya mashina yaliyosimama kama nguzo. Vyote vilivyoko katikati, barabara na nyumba, vimezibwa. Aliyeko Moshi afanye vivyo hivyo na Kilimanjaro: asubuhi mapema kabla mawingu hayajaufunika, ashuke chini hadi majani ya migomba ya kihamba yazibe nyaya za umeme, kilele kibaki juu yake.

Hatua ya 8: Punguza, chapisha ndogo

Ukirudi nyumbani, usifungue programu siku hiyo hiyo. Baada ya siku kadhaa, pitia na ubakize picha moja kwa kila kitu. Moja. Mbili zinazofanana zinadhoofishana.

Uhariri wenyewe uwe mfupi: shusha vivuli kidogo (simu ilivipandisha), punguza ukolevu wa rangi zinazogombana na kitu chako badala ya kufifisha zote, acha ukali wa kingo kama ulivyo. Kukata picha upya kunaruhusiwa, ila jaribu kwanza kuigeuza kichwa chini. Uzito uliokaa vibaya unaonekana haraka zaidi ukiwa hutambui vitu.

Kisha ichapishe, na iwe ndogo. Yamamoto Masao hutengeneza picha zinazoenea kiganjani, huzipaka rangi za chai na kuzishikashika mpaka zikunjike. Huna haja ya kufika huko. Sentimita 10 kwa 15 zinatosha, zikizungukwa na nafasi nyeupe pana. Chumba cha Kijapani kina tokonoma, kishubaka ukutani kinachowekwa mchoro mmoja na ua moja, hubadilishwa majira yakibadilika. Fanya hivyo: msumari mmoja, picha moja, ibadilishe mvua zikianza.

Studio ya kuchapisha waambie mambo mawili kabla hujalipa. Karatasi iwe isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa itaakisi dirisha pale pale ulipoacha weusi. Na wazime urekebishaji wa rangi wa mashine. Usipowaambia, mashine itaona giza lako kama kosa, italipandisha, na mkono wa kikombe uliouacha ndani ya kivuli utarudi ukiwa kijivu. Omba kipande kimoja cha majaribio, kitoe nje ukitazame kwenye mwanga wa kivulini, ndipo uagize kilichobaki.